Sauti Sol: Nani Anashika Sauti Ipi?

Tangu Sauti Sol, kundi la wanamuziki wanne wa Kenya, wafunge ukurasa kwa tamasha la Sol Fest, Novemba 2023, ubishi umekuwa mmoja: nani kati ya wale wanne atang'ara zaidi peke yake? Swali hilo limenichosha, na ndilo lililozaa toleo hili. Swali linalichukulia kundi kuwa ngazi tu ya kupandia, ilhali kundi lenyewe ndilo kazi yao kubwa, na wahakiki wetu hawajalisikiliza ipasavyo. Watatu kati yao, Bien, Chimano na Savara, walitokea Voices in the Light, kundi la injili la shule ya Upper Hill, Nairobi, wakiimba bila ala. Wa nne, Polycarp, na gitaa lake walikuja baadaye. Ukisikiliza albamu ya Mwanzo (2008) utaona kwamba mpangilio ulibaki vilevile: koo kwanza, gitaa likizifuata. Hiyo ni elimu ya kwaya za shule na kanisa, ambako kijana hufunzwa kushika sauti ya tatu bila kuvutwa na ya kwanza. Tuzo yao ya MTV ya 2014, inayotajwa katika kila makala, haituelezi lolote kuhusu ufundi huo.

Nitaambiwa kwamba umaarufu uliletwa na wimbo "Sura Yako" na kelele zilizozuka juu ya video ya "Nishike". Kweli, midundo iliwavusha mipaka. Lakini midundo ya kuchezesha watu ilikuwa kila mahali miaka ile. Kilichokuwa adimu ni waimbaji wa kuthubutu kitu kama "Kuliko Jana" ya bila ala, pamoja na kwaya ya Redfourth Chorus. Humo besi za waimbaji zinabeba mwendo ambao kwingine ungeachiwa ngoma, na sauti za juu zinapanda juu yake kama kwaya ya Jumapili. Sibezi albamu ya Bien ya 2023, ni kazi nzuri. Ila humo waitikiaji wanamtumikia mwimbaji mmoja, na katika Sauti Sol hakuna aliyekuwa mwitikiaji wa kudumu.

Makala ya udhibiti wa video yamo katika toleo hili, na ya mikataba pia, yasomeni. Kwa waandishi wa toleo lijalo nina ombi moja: mkituletea uhakiki wa kundi lolote la waimbaji, tuambieni nani anashika sauti ipi, na anaiachia wapi.