GEMU NNE HAZITOSHI KUMPIMA MCHEZAJI

Waendeshaji wa mashindano makubwa ya pool duniani wamekuwa wakifupisha mechi zao, na jambo hilo limezusha ubishi ambao wapenzi wa mchezo huo katika nchi yetu hawana budi kuutia maanani kabla haujafika kwenye meza zetu wenyewe. Katika mfululizo wa mashindano uitwao Pro Billiard Series, ulioanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2020, mechi hugawanywa katika seti fupi. Anayetangulia kupata gemu nne hutwaa seti. Wachezaji wakitoka seti moja kwa moja, mara nyingi seti kamili ya tatu haichezwi. Badala yake hupigwa mikwaju ya kuamua: mpira mmoja huwekwa mahali pake juu ya meza, wachezaji wakaupiga kwa zamu, na mshindi akapatikana kwa hesabu ya waliotia na waliokosa.

Msomaji aweza kuuliza, sisi wa Dodoma yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Meza za pool zimeenea Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu, na hata katika miji midogo ya Kongwa, Kondoa na Manyoni ni shida kukosa meza moja chini ya paa la bati, na vijana wameizunguka wakingoja zamu. Desturi ya meza hizo yajulikana: aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa hulipa. Viongozi wa serikali, hasa katika miaka ya mwanzo ya awamu ya tano, waliwakemea wanaoushika mchezo huo tangu asubuhi na kuiacha kazi, na kemeo hilo lilikuwa na haki yake. Lakini baada ya saa za kazi huo ni mchezo kama mingine, nao umekuwa na mashindano ya taifa, ambayo kwa miaka mingi yalidhaminiwa na bia ya Safari, yakianzia katika klabu za mikoani.

Sasa na tufanye hesabu, kwa maana ubishi huu unaweza kupimwa kwa hesabu kuliko kwa makelele. Tuseme mchezaji mmoja ni bora kuliko mwenzake kiasi cha kushinda gemu 6 katika kila 10. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu yeyote aliyesimama kando ya meza jioni mbili au tatu ataiona. Wakicheza seti moja ya gemu nne, yule aliye bora atashinda kama mara 71 katika kila mechi 100. Wakicheza hadi gemu tisa, atashinda kama mara 80.

Je, seti mbili za gemu nne pamoja na mikwaju ya kuamua? Hapa ndipo penye ajabu. Mchezaji wetu atazitwaa seti zote mbili karibu mara 50 katika mia. Karibu mara 41 watatoka sare ya seti moja kwa moja. Ikiwa mikwaju ni kama kurusha shilingi, atapata nusu ya hizo 41, na jumla yake itarudi pale pale: 71. Yaani seti nzima ya pili imechezwa, jasho limetoka, saa zimepita, na aliye bora hakuongezewa hata chembe ya haki kuliko kama wangecheza seti moja wakaenda nyumbani!

Watu watasema kwamba mikwaju si bahati tupu, nasi twakubali. Kuna mkono usiotetemeka na kuna unaotetemeka. Hata hivyo, kumpa aliye bora nafasi 6 katika 10 kwenye mikwaju hiyo humfikisha kwenye 75 tu. Tena wachezaji wa ngazi moja huutia mpira ule mmoja bila taabu kubwa, na kwa hiyo tofauti kati yao huwa ndogo kuliko ilivyo katika gemu kamili. Mkwaju ule haupimi namna mtu anavyovunja, wala anavyouweka mpira mweupe kwa ajili ya pigo la tatu linalokuja, wala busara ya kumfichia mwenzake mpira pale ambapo hakuna njia. Hayo ndiyo yanayomtenga fundi na mbahatishaji.

Wako wanaotutajia mpira wa miguu. Ni kweli kwamba mwaka 2012 mjini Libreville Zambia ilitwaa Kombe la Afrika kwa penalti 8 kwa 7 mbele ya Ivory Coast, na kwamba mwaka 2023 pale Mkwakwani, Tanga, Simba iliishinda Yanga kwa penalti 3 kwa 1 katika Ngao ya Jamii. Lakini mjini Libreville penalti zilikuja baada ya dakika 120 bila bao. Miguu ya wachezaji haiwezi kukimbia usiku kucha, kwa hiyo lazima pawe na mwisho. Kwenye pool kila gemu ina mshindi wake. Mwenye kulazimisha sare ni mwandishi wa kanuni.

Hatuwapuuzi waandaaji. Meza ni chache, ukumbi hulipiwa, televisheni nayo yataka kujua kipindi kitakwisha saa ngapi, na watazamaji hupenda pigo moja linaloamua yote. Mashindano ya dunia ya Jeddah mwaka 2024 yaliamuliwa kwa gemu 15 kwa 14, Fedor Gorst akimshinda Eklent Kaçi. Hakuna anayedai kwamba mechi ya kwanza ya mkoa iwe na gemu 29.

Dawa ipo, nayo haigharimu kitu. Seti moja ya gemu saba haiwezi kupita gemu 13, hali seti mbili za gemu nne zaweza kufika 14, kabla hata ya mikwaju. Na katika ile seti moja ya saba, aliye bora hushinda kama mara 77 katika mia. Muda ni ule ule, haki ni kubwa zaidi. Penye nafasi, aliyeshindwa mara ya kwanza apewe njia ya pili kabla ya kutolewa. Mikwaju ibaki kwa mechi za burudani.

Twalisema hili tukimfikiria mfanyakazi wa Dodoma anayeomba ruhusa kazini ili akashindane Dar es Salaam. Nauli ya treni ya umeme katika daraja la kawaida, ilipotangazwa mwaka 2024, ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu. Mtu huyo akitolewa na mwenziwe aliyemzidi, atarudi ameridhika. Basi waandaaji na watangaze idadi ya gemu na namna ya kuamua mshindi siku ile wanapofungua uandikishaji, kabla mchezaji hajakata tikiti.