Kamera Haidanganyi?

Wapo wasemao kwamba kamera haidanganyi. Neno hili nimelisikia maofisini na hata katika vyumba vya walimu, nami kila nilisikiapo hukasirika.

Tazama picha za zamani za darasa, zile za rangi. Watoto maji ya kunde wanaonekana hadi kope. Walio weusi wamebaki meno na kola za mashati. Mpiga picha alikuwa na jawabu lake: "Wewe mweusi mno, hutoki." Yaani kosa ni la ngozi ya mtoto! Lakini mwalimu aliyesimama pale, chini ya jua lile lile la Dakawa, alimwona kila mmoja bila taabu. Jicho hujirekebisha upesi baina ya kivuli na mwanga. Filamu haiwezi, hivyo huamuliwa kiwandani kipi kitoke vizuri na kipi kipotee. Kodak kwa miaka mingi walipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Chokoleti!

Mwaka 2012 wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin walikwenda Gabon na filamu za Kodak zilizokwisha muda wake zamani, wakaambulia picha moja tu. Hapo hawanishawishi, maana filamu iliyochakaa humharibu kila mtu. Lakini walionyesha pia kazi za Polaroid ID-2, kamera iliyotumika kwa picha za pasi za Waafrika huko Afrika Kusini. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya taa, na wasanii hao wanadai kilifaa kuitoa ngozi nyeusi. Kumbe iliwezekana! Wafanyakazi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga biashara hiyo mwaka 1970. Kampuni ikaondoka huko mwaka 1977. Wakimbizi wa ANC waliokaa hapa Dakawa kuanzia 1982 hadi 1992 walitoka katika nchi ya pasi hizo, ambako serikali iliyowanyima kura ilitaka kila sura yao ionekane barabara.

Sasa tunaambiwa kompyuta hutambua sura bila upendeleo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kutambua jinsia: kwa wanaume weupe makosa hayakufikia hata 1 katika 100, kwa wanawake weusi yalifika 34. Ofisi inayotaka kununua mashine hizo na iulize kwanza zilipimiwa sura za nani.