Klabu ya Mtaa Ikinyang'anywa Mtaa Wake

Tarehe 14 Juni 1925, katika uwanja wa Les Corts mjini Barcelona, maelfu ya watazamaji waliuzomea wimbo wa kifalme wa Hispania. Utawala wa kijeshi wa Jenerali Miguel Primo de Rivera ukaufunga uwanja huo kwa miezi kadhaa, naye Joan Gamper, mwanzilishi wa FC Barcelona, akalazimika kuachia uongozi. Kisa hicho hakikosekani katika historia ya klabu hiyo tajiri. Lakini tuulizane: siku ile Barcelona ilikuwa ikicheza na nani?

Ilikuwa ikicheza na Júpiter, timu ya wafanyakazi wa mtaa wa Poblenou. Mashujaa wa kisa hicho wakawa wakubwa. Wadogo waliosimama nao katika nyasi zile zile wakafutika. Ndiyo maana leo ninaandika kuhusu Júpiter. Historia ya klabu hii, ambayo sehemu kubwa ya maisha yake imepita katika madaraja ya chini ya soka la Hispania, inatufundisha siasa kuliko vikombe vyote vya Barcelona.

Júpiter ilianzishwa mwaka 1909. Poblenou wakati huo ulikuwa mtaa wa viwanda, ukiitwa Manchester ya Catalonia kwa wingi wa mabomba yake ya moshi. Wachezaji na mashabiki walikuwa watu wa kiwandani na familia zao. Nembo ya klabu ilibeba milia ya bendera ya Catalonia pamoja na nyota yenye ncha tano, na utawala wa Primo de Rivera ukaipiga marufuku. Serikali yenye jeshi na magereza iliiogopa nembo ya timu ya mtaa! Mwaka ule ule wa 1925 Júpiter ilitwaa ubingwa wa Hispania wa kundi B, yaani wa klabu zilizokuwa chini ya zile kubwa.

Kisha ukaja mwaka 1936. Majenerali walipoasi dhidi ya Jamhuri, wanaharakati wa chama cha wafanyakazi cha CNT, wakiwamo Buenaventura Durruti, Francisco Ascaso na Juan García Oliver, walikusanyika karibu na uwanja wa Júpiter. Alfajiri ya tarehe 19 Julai, huku ving'ora vya viwanda vikilia, malori yao yaliondoka hapo kwenda katikati ya jiji kukabiliana na wanajeshi. Masimulizi ya mtaani yanaongeza kwamba silaha zilikuwa zimefichwa uwanjani. Hata tukiyaacha masimulizi hayo, swali linabaki: kwa nini hapo? Kwa sababu hapo ndipo watu walipojuana. Wafanyakazi waliokuwa wakisimama bega kwa bega kila Jumapili hawakuhitaji kutambulishwa siku ya hatari.

Jenerali Franco na watu wake walilielewa jambo hilo vizuri. Baada ya ushindi wao wa mwaka 1939, klabu ilivuliwa jina lake ikaitwa Hércules. Jina la Júpiter lilirudi baadaye, lakini mwaka 1948 klabu ililazimishwa kuuacha uwanja wake wa Poblenou na kuhamia La Verneda. Mtu anaweza kutoka Poblenou hadi La Verneda kwa miguu. Hata hivyo, timu iliondolewa mbele ya milango ya watu walioizaa, ikaondolewa karibu na baa zao na viwanda vyao. Utawala ule haukuhitaji kuivunja klabu. Ulihitaji tu kuing'oa, kwa maana mti uliong'olewa hauhitaji kukatwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya udikteta, na udikteta umepita. Laiti ingekuwa hivyo. Sheria ya michezo ya Hispania ya mwaka 1990 iliagiza klabu za kulipwa zigeuzwe kuwa kampuni za hisa, isipokuwa nne tu: Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna. Kampuni ikiwa na mwenye hisa nyingi, ina mwenye uamuzi. Mwaka 2007 timu ya Ciudad de Murcia, iliyokuwa Daraja la Pili, iliuzwa kwa mfanyabiashara, naye akaihamishia Granada na kuibadilisha jina. Miaka miwili baadaye timu hiyo mpya haikuwapo tena. Mashabiki wa Murcia walioachwa yatima walianzisha klabu yao mwaka 2010, wakiimiliki wenyewe na kuanza upya chini kabisa.

Tazama mfanano ulivyo. Mwaka 1948 klabu ilihamishwa kwa amri ya watawala. Mwaka 2007 ikahamishwa kwa mkataba wa mauzo. Njia mbili zenye matokeo mamoja, na katika zote mbili aliyehusika zaidi, yaani mkazi wa mtaa, hakuulizwa.

Wapo watakaonijibu kwamba klabu haiendeshwi kwa kumbukumbu. Inahitaji fedha, na mwenye fedha lazima apewe mamlaka. Hoja hiyo ina uzito, na sidai kwamba uongozi wa wanachama ni wa malaika. Klabu nyingi za wanachama zimezama katika madeni na ugomvi wa viongozi. Lakini deni hulipwa na kiongozi mbaya hung'olewa kwa kura. Uwanja ukishauzwa, na mtaa ukishatawanyika, hakuna kura itakayovirudisha. Poblenou yenyewe leo ni ushahidi: tangu jiji lipitishe mpango wa 22@ mwaka 2000, sehemu kubwa ya ardhi ya viwanda vyake imegeuzwa kuwa ya ofisi za teknolojia.

Kwa hiyo nina neno kwa makundi matatu. Mtumishi wa umma unayeletewa ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja cha mtaa, usilisome kama suala la mita za mraba pekee. Uliza ni nani wanaokutana hapo, na watakutania wapi kesho. Mwanaharakati, usidharau jezi na ngoma za mashabiki ukidhani siasa huanzia katika semina. Nawe mwanafunzi, ukitafuta mada ya utafiti, waendee wazee waliocheza katika madaraja ya chini kabla hawajaondoka na historia yao.

Júpiter bado ipo, na jina lake ni lile lile la mwaka 1909. Jenerali aliyeipiga marufuku nembo yake amebaki katika vitabu. Nyota ile imebaki vifuani mwa wachezaji. Kilichopotea ni mtaa uliokuwa ukiizunguka, nao haukupotea kwa bahati mbaya. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua.