Ukija Genova, usikimbie vichochoro

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Kwa wale mlioniuliza kama nimezama baharini, jibu ni hapana, nilikuwa nahama nyumba. Na kuhama Genova siyo mchezo, maana mji umebanwa kati ya mlima na bahari, kila njia ama inapanda ama inashuka, na begi langu limebaki na gurudumu moja.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza hapa: mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na muhula huu niko Italia kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Sasa kuna wenzetu watatu wamechaguliwa kuja muhula ujao, na wote wameniuliza swali moja: tukae wapi? Nimeona nijibu hapa hapa mara moja, ingawa najua jibu langu litamuudhi mtu mmoja aliyenipikia ubwabwa wiki yangu ya kwanza nikiwa nalia kwa baridi.

Jibu ni hili. Kaeni mji wa zamani. Siyo pembeni yake, ndani kabisa, kwenye vichochoro ambavyo wenyewe wanaviita caruggi. Hata upande wa Via Prè, ndiyo, huko huko mlikoambiwa msikanyage.

Mimi sikuanzia huko. Nilipofika, mama mmoja Mtanzania anayeishi huku miaka mingi, namwita anti, alinitafutia chumba Nervi, mwisho wa mji upande wa mashariki. Nilipotaja Via Prè alishika kichwa. "Mwanangu, kule siyo kwa mtoto wa watu. Kule kuna madawa, kuna wanawake wanaosimama milangoni, na Waafrika wote wasio na kazi wamejazana kule. Watu wakikuona kule watakuweka fungu hilo hilo." Nikasema sawa anti. Kwa mila zetu ningesema nini?

Nervi ni pazuri, nisidanganye. Kuna njia ya miguu inayopita juu ya miamba, bahari iko chini yako, michikichi, wazee na mbwa wao. Mgeni wa wiki moja mwenye hela yake alale huko, atafurahi. Mimi nilikaa wiki sita. Hakuna aliyenitukana na hakuna aliyenisalimia, isipokuwa jirani mmoja wa ghorofa ya chini ambaye kila tukikutana ngazini alikuwa ananiuliza kwa upole kabisa: wewe unamtunza bibi yupi? Maana wanawake wengi wageni huku wanafanya kazi ya kulea wazee. Namwambia mimi mwanafunzi wa chuo kikuu. Anasema vizuri sana. Keshokutwa anauliza tena. Kulea mzee siyo aibu, shangazi yangu mwenyewe amefanya kazi za ndani miaka mingi na ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Lakini nilichoka kujitambulisha upya kila asubuhi kwenye ngazi zangu mwenyewe.

Halafu kuna mambo madogo yanayokula roho. Idara ya elimu iko Corso Podestà, katikati ya mji. Kutoka Nervi unapanda treni hadi Brignole, au basi namba 15 likipata foleni unafika jasho limeshakauka. Majadiliano ya kikundi yanaanza saa moja jioni, wenzio ndiyo wanakolea, wewe unaangalia saa. Kusuka nywele ni safari. Unga wa ugali ni safari. Kuongea na mtu ni safari.

Sasa hapa niingize historia kidogo, mnivumilie, ni ugonjwa wa walimu. Mji huu umewahi kuamua kwa sheria kabisa mgeni alale wapi. Mwaka 1576 Seneti ya Jamhuri ya Genova iliamuru majumba ya matajiri yaandikwe kwenye orodha, zinaitwa rolli. Akija mgeni wa serikali, awe mfalme, kardinali au balozi, inapigwa kura kati ya nyumba zinazolingana na cheo chake, na aliyeangukiwa na kura anampokea, apende asipende. Majumba yenyewe yalikuwa ya fahari hasa. Mchoraji Rubens aliyapenda mpaka akachapisha kitabu cha ramani na michoro yake mwaka 1622. Mwaka 2006 UNESCO ikaingiza 42 kati yake kwenye Urithi wa Dunia. Ukitembea Via Garibaldi utayaona, na Via Balbi, barabara nyingine ya urithi huo, chuo chetu kina majengo yake ya kifahari pia.

Nilipoisikia habari hiyo darasani nilicheka peke yangu. Orodha siku hizi haipo kwenye karatasi, lakini ipo. Mtalii wa meli: bandari ya zamani, ile aliyoipanga upya Renzo Piano mwaka 1992. Mwenye hela: Albaro. Profesa: Castelletto, juu mlimani, anashuka kwa lifti ya umma kama anashuka kwake. Watu wa Ekuado na wengine wa kipato cha chini: Sampierdarena. Mweusi: Via Prè. Na mweusi mwenye heshima zake: popote pale ilimradi siyo Via Prè. Hilo la mwisho tumejiandikia wenyewe.

Basi mwenzenu nikahama. Dalali wa kwanza kwenye simu alisema chumba kipo, aliponiona mlangoni kikawa kimechukuliwa tangu jana. Cha pili nikakipata kwa bibi mmoja wa Kitaliano mjane, ghorofa ya sita, hatua chache kutoka Via del Campo. Euro 280 kwa mwezi, nilipotoka ilikuwa 350 na nauli juu yake. Kwenda darasani natembea dakika ishirini.

Asubuhi ya kwanza nimeshuka, muuza mboga kanisalimia. Msusi wa Kisenegali wa kona ile ananiita dada yake, na akikosa wateja ananifundisha Kiitaliano cha mtaani ambacho siwezi kukiandika humu. Kuna duka lenye mihogo, mawese na dagaa. Wiki ya pili nilipata homa, bibi mwenye nyumba aligonga na supu, na yule msusi akatuma mtoto wake na tangawizi. Nervi nilipougua niliongea na ukuta.

Lakini sitaki mje mnilaumu, kwa hiyo na ya anti niyaseme, maana hakusema uongo. Madawa yanauzwa kweli. Kuna kona mbili ninazikwepa baada ya saa nne usiku. Askari wanakagua watu, mimi nimesimamishwa mara mbili, kwa hiyo usitoke bila karatasi zako. Wanawake wa milangoni wapo, na kati yao mmoja ndiye aliyenionyesha njia siku ya kwanza nilipopotea na begi. Kinachonisumbua kwenye maneno ya anti ni ile sentensi ya mwisho, ya kuwekwa fungu moja. Nervi, mbali na vichochoro vyote, si niliwekwa fungu vile vile?

Kama mnakuja, yaangalieni haya kuliko jina la mtaa. Nyumba za caruggi ni ndefu, ghorofa sita au saba, zinatazamana karibu kiasi cha kupeana chumvi dirishani. Jua linaishia juu. Chumba cha chini kina bei nzuri kwa sababu kina ukungu. Nenda ukakione saa sita mchana, sogeza kabati, shika ukuta wa nyuma yake. Ukiwa mbichi, aga. Bora upande ngazi.

Na mkataba, tafadhali. Ukiingia nchini una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi, na anayekupokea wewe usiyetoka Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa kwa polisi ndani ya saa 48. Mwenye nyumba anayekwambia tuelewane tu kishkaji, mkimbie hata kama chumba kina dirisha la baharini. Ipo mikataba maalumu ya wanafunzi, ya kuanzia miezi 6, itaje kwa jina atajua hujaja kulala. Vyumba vyenyewe vinazidi kuwa adimu. Mlangoni kwetu kuna visanduku vinne vya funguo za namba, yaani nyumba nne zimegeuzwa za watalii wa siku mbili. Kila nikipita navikata jicho.

Anti bado hajaja kunitembelea. Jumapili nilimpigia, shikamoo anti, akaitika, akauliza kama nafunga mlango vizuri. Nikamwambia nafunga. Akasema akija atakuja mchana.

Chumba changu kitabaki wazi mwishoni mwa mwezi wa pili. Bibi ameshasema anataka tena "mwalimu kutoka Tanzania". Ngazi ni 118, nimezihesabu, lifti hakuna. Anayekitaka aniandikie mapema, na aje na begi lenye magurudumu yote.