Pimeni Negativu Kabla ya Kununua Mashine!

Nina neno kuhusu ile skana ambayo chama chetu kinataka kununua. Katika mkutano uliopita wengi wenu mliinua mikono kuunga mkono kile kisanduku kidogo cha bei rahisi. Mimi sikuinua. Nilichekwa, ati napenda kupinga kila kitu. Basi leo nisikilizeni.

Kwa wale ambao hawakuwako, negativu zenyewe ni za marehemu babu yangu. Alikuwa mpigapicha hapa sokoni, na kila mwaka aliitwa shuleni kupiga picha za madarasa, timu za mpira na siku ya wazazi. Watu walienda na picha, yeye akabaki na negativu. Nyanya amezihifadhi ndani ya mikebe mitatu ya Kimbo. Picha zilizokuwa ofisini ziliharibika paa lilipovuja, kwa hivyo tusidanganyane, hizo negativu ndizo zimebaki.

Kosa letu ni kuchagua mashine kabla ya kupima. Jumamosi nilichukua rula nikapima. Kamera ya babu ilikuwa Yashica ile ya macho mawili, inayoshikwa kifuani na kutazamwa kutoka juu. Haikutumia filamu ya milimita 35, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36. Ilitumia filamu pana ya 120, na kila picha ni mraba wa milimita 56 hivi. Kile kisanduku chenu kinameza ya 35 tu! Hata skana maalum ya filamu inayosifiwa sana, Plustek OpticFilm 8200i, ni ya milimita 35 peke yake.

Mimi napendekeza skana bapa, ile ya kulaza karatasi, lakini iwe na taa ndani ya kifuniko. Karatasi husomwa kwa mwanga unaorudi. Negativu husomwa kwa mwanga unaoipenya. Ndiyo sababu tulipojaribu kwa ile skana ya ofisi tulipata giza tupu. Epson V600, iliyotoka mwaka 2009, ina taa hiyo na ina fremu ya kushikia filamu ya 120. Boksi lake limeandikwa nukta 6400 kwa inchi. Msiiamini sana hiyo namba, waliopima wamepata chini ya nusu. Lakini kwetu haidhuru: hata kwa 1500 tu, mraba wa babu unatoa nukta 3300 kila upande, na hiyo ni picha safi ya sentimita 28.

Tena mtu asituvute kwa ule ufundi wa infraredi wa kufuta vumbi. Ni mzuri kwa filamu za rangi. Zetu ni nyeusi na nyeupe, na fedha iliyo ndani ya filamu huzuia miale hiyo, mashine ikadhani picha ni uchafu. Brashi laini inatosha.

Najua mwekahazina atasema ni ghali. Kweli ni ghali. Kama pesa hazifiki, afadhali tuazime kamera nzuri, tuweke taa nyeupe nyuma ya negativu na kuzipiga moja moja, kuliko kutupa hela kwa kisanduku.

Ila tusingoje mwaka mwingine. Nilipofungua mkebe wa tatu nilipigwa na harufu ya siki. Hiyo ni dalili kwamba plastiki ya filamu imeanza kuoza. Ikizidi, filamu husinyaa na kujikunja, na mkebe uliofungwa huharakisha mambo. Nimezihamishia kwa bahasha za karatasi.

Kati ya hizo, Nyanya aliinua moja dirishani. Wasichana sita wa kidato cha nne, mwaka 1981, wamesimama mbele ya maktaba yetu. Shati jeupe limekuwa jeusi, nywele ni nyeupe kama za ajuza. "Huyu wa tatu ni shangazi yako," akaniambia. Shangazi alifariki kabla sijazaliwa, na nyumbani hakuna picha yake hata moja. Babu alipiga za kuuza, si za kuweka ukutani. Nilitazama mpaka macho yakauma na sikuweza kujua anafanana na nani.

Mkutano ni Ijumaa saa kumi. Nitakuja na rula.