MEZANI KWETU: Kabichi nyekundu bila nyama wala siagi



Kati ya mboga zipendazo baridi ya milima kuna moja ambayo akina mama wengi huipita sokoni bila kuigusa. Ni kabichi nyekundu, ambayo watu wa kwetu, wakifuata Kifaransa, huiita shu nyekundu. Ni ndugu kabisa wa kabichi ya kijani. Tofauti ni rangi yake ya zambarau na majani yake yaliyo magumu kidogo. Wengine huinunua mara moja, huichemsha kama ile nyingine, nayo hugeuka rangi ya kijivu kama nguo iliyochujuka. Watoto huikataa, na mama haendi kuitafuta tena. Lakini mboga hii haina hatia. Ina tabia yake, na mwenye kuijua tabia hiyo aweza kuandaa chakula cha heshima pasipo nyama, wala siagi, wala yai.

Tuanze na rangi. Ndani ya majani yake mna kitu kiitwacho antosianini, nacho hubadilika kwa kadiri ya uchachu. Penye limau au siki, mboga hung'aa nyekundu. Katika maji matupu hubaki ya zambarau. Penye majivu, magadi au sabuni hugeuka samawati, na mwisho kijani. Enyi wanafunzi, jambo hili mwaweza kulishuhudia wenyewe. Kateni majani machache, yamwagieni maji ya moto, kisha chujeni. Gawanyeni maji hayo katika glasi tatu: ya kwanza tieni matone ya limau, ya pili iacheni, ya tatu tieni maji kidogo ya majivu. Mtaona rangi tatu zitokazo katika mboga moja. Hata katika Ujerumani mboga hii ina majina mawili: wengi wa kaskazini huiita Rotkohl, ndiyo kabichi nyekundu, na wa kusini huiita Blaukraut, ndiyo mboga ya samawati.

Basi, mpishi apate fundisho hapa. Chumvi ya majivu, ambayo akina mama hutumia kulainisha mboga ngumu, haifai kabisa kwa kabichi hii. Yataka kitu kichachu, tena tangu mwanzo.

Watu wa Flandre, katika Ubelgiji, wanaijua sana. Huipika polepole pamoja na matofaa, na kwa desturi hutia siagi au mafuta ya nguruwe. Sisi tutaweka mafuta ya karanga au ya alizeti, na utamu hautapungua. Twaa kabichi moja ya kilo moja hivi, vitunguu viwili, matofaa matatu, vijiko vitatu vya mafuta, vijiko vitatu vya siki, kijiko kimoja cha sukari, karafuu tatu na chumvi kidogo. Ondoa majani ya nje, gawa kabichi mara nne, toa kiini kigumu, kisha ikate nyembamba. Kaanga vitunguu hadi vilainike, tia kabichi, na mara moja mimina siki. Ongeza matofaa yaliyokatwa vipande, sukari, karafuu, chumvi na glasi moja ya maji. Funika sufuria, punguza makaa ya mbabula, uache kwa muda wa saa moja, ukikoroga mara kwa mara ili chini kusiungue. Matofaa yatayeyuka na kuwa mchuzi. Asiyepata matofaa, maana kwetu ni ghali, atumie embe lisiloiva sana au kipande cha nanasi. Hapo sukari haihitajiwi sana. Wabelgiji huila pamoja na viazi vilivyopondwa. Kwetu viazi vyapatikana, tena ugali waipokea vizuri.

Njia ya pili haitaki moto. Osha kabichi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa mboga mbichi iliyooshwa kwa maji machafu huleta maradhi ya tumbo. Ikate nyembamba iwezekanavyo, inyunyizie chumvi, uisugue kwa mikono safi hata ilainike na kutoa maji. Iache nusu saa. Kisha tia maji ya limau, mafuta kidogo, kitunguu, na karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Njia hii ina faida nyingine: katika gramu 100 za kabichi nyekundu mbichi mna vitamini C karibu miligramu 57, na vitamini hiyo hupungua kwa moto mwingi, tena huyeyuka katika maji. Ndiyo maana pia haifai kuchemsha mboga katika maji mengi na kuyamwaga.

Labda mzee mmoja atauliza: "Chakula bila nyama ni chakula gani?" Tumjibu kwa heshima. Katika Uingereza, mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walianzisha chama cha watu wasiokula nyama, wala maziwa, wala mayai, nao wakajiita kwa jina jipya, vegan. Lakini jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia, siku zao za mfungo, huacha nyama, maziwa na mayai, na kabichi ni mojawapo ya vyakula vyao vya siku hizo. Nasi twazijua Ijumaa za Kwaresima. Tena ziko jamaa nyingi ambazo hazikuchagua kuacha nyama. Fedha ndiyo iliyowachagulia. Baba asimwonee mkewe haya mbele ya mgeni kwa sababu nyama haikupatikana. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sahani ya kabichi nyekundu iliyopikwa kwa uangalifu, na maharagwe kando yake, yatosha kumkaribisha mtu.

Lakini wazazi, sikilizeni neno hili kwa makini. Kabichi ni mboga, haiwezi kuwa chakula kizima. Katika gramu 100 protini yake haifiki hata gramu 2. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akilishwa ugali wa muhogo na majani tu, aweza kupatwa na ule ugonjwa ambao watu wa Kivu huuita bwaki: miguu huvimba, nywele hupoteza rangi, mtoto hana tena hamu ya kucheza. Waganga huuita kwashiorkor, jina la lugha ya Waga wa Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitia katika maandiko ya utabibu mwaka 1935. Kwa hiyo, siku isiyo na nyama, sahani ya mtoto iwe na maharagwe, soya au karanga. Mboga na maharagwe husaidiana, kwa maana vitamini C huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Na mwenye kuacha vitu vyote vya wanyama kwa miaka mingi ajue kwamba vitamini B12 haipatikani katika mboga; hana budi kuipata kwa dawa au kwa vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mtoto mdogo wala mama mwenye mimba asiachwe bila maziwa, mayai au samaki pasipo shauri la mganga.

Mkienda sokoni, chagueni kabichi nzito, iliyofungamana, isiyo na majani yaliyonyauka. Nzima, mahali penye ubaridi, hukaa majuma kadhaa bila kuoza. Nusu leo, nusu keshokutwa. Na kabla ya kuikata, wekeni limau karibu na kisu.