Usiulize megapikseli ngapi, uliza kamera inatulia vipi

Ingia duka lolote la simu pale Ukunda, uliza habari za kamera. Utajibiwa kwa namba moja tu: megapikseli. 50, 108, 200. Namba ikipanda na bei inapanda, nawe unatoka ukijiona umeula. Halafu unafika Kibuyuni wakati wa bamvua, maji yamekupwa, unataka kurekodi kina mama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Video inatoka inatetemeka utadhani aliyeshika simu ana homa.

Msimamo wangu ni huu, na nitauweka wazi mapema: kwa kijana anayetafuta riziki kwa simu, utulivu wa kamera una maana kuliko wingi wa megapikseli. Na muuzaji asiyeweza kukueleza kamera yake inatulia vipi anakuuzia namba, si kamera.

Kwanza elewa shida yenyewe. Mkono wa kila binadamu hutetemeka, hata wa daktari wa upasuaji, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Wewe huoni, lakini simu inaona. Chukua kamera ambayo lenzi iko milimita 5 kutoka kwenye sensa, na kila pikseli ina upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Simu ikigeuka sehemu moja tu ya kumi ya digrii, picha inahama karibu pikseli tisa. Sasa hizo megapikseli 108 zako zina faida gani kama kila nukta imepakwa juu ya majirani zake?

Wahandisi walilijua hili zamani. Nikon walitoa kamera ndogo yenye lenzi ya kujituliza mwaka 1994. Kuiingiza teknolojia hiyo ndani ya simu ndiko kulikochukua muda. Nokia Lumia 920 ya 2012 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza kuwa nayo, na iPhone ikaipata 2014 kwenye 6 Plus.

Siku hizi kuna njia mbili, na ni lazima uzijue kwa herufi zake maana ndizo utakazoziona kwenye boksi.

Ya kwanza ni OIS. Hapa kitu kinasogea kweli kweli. Ndani ya simu kuna giroskopu, kidude kinachopima simu inageuka upande gani na kwa kasi gani, mara mamia kwa sekunde. Taarifa hiyo inapelekwa kwenye nyaya ndogo zilizozungushwa karibu na sumaku. Umeme ukipita, lenzi inasukumwa upande wa pili kufuta mtikisiko. Simu nyingine husogeza sensa badala ya lenzi, kama iPhone 12 Pro Max ya 2020. Yote haya yanafanyika kwenye nafasi ndogo kuliko ukucha wako.

Ya pili ni EIS. Hii ni hesabu tu. Programu inakata kingo za video, kisha inasogeza kilichobaki ili kionekane kimetulia. Ni rahisi, ndiyo maana imejaa kwenye simu za bei ya chini. Si mbaya mchana wa jua kali. Lakini jioni, mwanga ukipungua pale Shimoni, kila fremu inachukua muda mrefu zaidi na inaingia ikiwa tayari na ukungu. Programu itaituliza video, ila ukungu hauondoki.

OIS nayo si uchawi. Inarekebisha mtikisiko mdogo, digrii moja hivi au zaidi kidogo. Ukiwa kwenye boti ya kwenda Wasini na wimbi linawarusha, lenzi itafika mwisho wa safari yake na kugota. Hapo EIS inasaidia zaidi, na simu nzuri hutumia zote mbili kwa pamoja. Na mtoto akikimbia mbele yako usiku, hakuna OIS itakayomsimamisha. Inatuliza mkono wako, haitulizi dunia.

Sasa nije kwenye jambo linalonichoma. Wewe wa bodaboda, unayefunga simu kwenye usukani ili uone ramani na kupokea wateja, sikiliza. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki ukipita kwenye usukani unaweza kuharibu OIS na mfumo wa kulenga. Kwa pikipiki ndogo na za umeme walisema mtetemo ni mdogo, lakini bado walishauri kutumia kishikio cha kupunguza mtetemo na kuepuka matumizi ya muda mrefu ya kila mara. Haya, niambie: bodaboda ni nini kama si muda mrefu, kila siku? Na kile kidude chepesi kinachoelea kwa sumaku hakijui kama simu ni ya mkopo ambao bado unaulipa kila jioni. Weka simu mfukoni. Itoe unapoihitaji.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya. Soma kama kwenye boksi au orodha ya sifa imeandikwa OIS, na ni kwa kamera ipi, maana mara nyingi ni ile kuu peke yake. Kamera ikiwa imezimwa, tikisa simu taratibu karibu na sikio. Nyingi zenye OIS hutoa mgongo mdogo wa lenzi iliyolegea, na hilo ni kawaida. Kisha washa video, tembea hatua kumi dukani, uitazame palepale. Muuzaji akikukataza, jua kuna jambo. Na ukipeleka simu kwa fundi kubadilishiwa kamera, muulize kama anayokuwekea ina OIS kama ile ya mwanzo.

Kwa wakubwa wa kaunti nina ombi moja. Vyuo vya ufundi viko mikononi mwenu. Mimi chuo nilikiacha katikati, lakini najua vijana wengi wa Kwale wenye mikono mizuri ambao wangejifunza kutengeneza moduli za kamera wakipewa hadubini na mwalimu. Kazi ipo, simu zinaharibika kila siku.

Mwani wa Kibuyuni, sabuni zinazotokana nao, boti za watalii, harusi zetu: vyote vinauzwa kwa picha siku hizi. Mteja aliye mbali haoni bahari yetu, anaona video yako. Kwa hivyo safari ijayo dukani, swali la kwanza liwe moja: inatulia?